Mfuniko wa Jumapili

Tulimzika Mwalimu Prosper wiki iliyopita, kwake Kilema, ndani ya kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni ambayo kila mwaka alisahau kuipogoa. Mvua ilitunyeshea wakati wa ibada, padri akafupisha mahubiri, jambo ambalo marehemu angelifurahia. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai na sahani za ndizi nyama mapajani, na kijana mmoja aliyetoka Dar es Salaam akasimama kunitambulisha kwa wenzake. Alisema mimi ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu, kwamba programu nilizoandika zinaendesha mashine mahali ambapo mwenyewe sitafika, na kwamba nilizaliwa na kipaji. Kisha akaniomba niseme neno. Nikasema Mwalimu alikuwa mkali na mcheshi, na kwamba alinifundisha kusoma kabla ya kuandika. Watu wakacheka mahali pa kucheka, nikakaa, nikaendelea na ndizi zangu zilizokwisha poa. Nilijisikia vibaya. Neno kipaji linanikera tangu zamani, na siku ile lilinikera zaidi kwa sababu mtu pekee aliyeujua mwaka wangu wa kwanza vizuri kama mimi alikuwa ndiyo kwanza amefukiwa. Nauandika sasa, kabla sijaanza kuziamini hotuba za misibani.

Nilifika kwenye karakana ya Mwalimu Kiboriloni, pembeni mwa Moshi, nikiwa na miaka ishirini na cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi sita, nilichokibeba ndani ya bahasha ya plastiki kana kwamba ni hati ya shamba. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu na chembamba nyuma ya soko la mitumba. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kitasa bado kipo, na kila mgeni alijaribu kukizungusha. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu na mtori, maana mama wa jirani alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi, kila asubuhi na mvuke wote ulipita kwetu. Dirishani tuliwasikia wauza mitumba wakibishana nani amepanga nguo zake kwenye nafasi ya nani. Mwalimu alikuwa amefanya kazi kwenye mitambo ya simu hadi mitambo hiyo ilipong'olewa, na tangu hapo aliishi kwa kutengeneza chochote chenye akili ndani yake: mizani ya kahawa, pampu, jenereta. Alikitazama cheti changu, akakirudisha kwenye bahasha, akaniuliza nataka kuandika programu za namna gani. Nikasema zile za madirisha na vitufe.

"Hizo kajifunze kwa wenye viyoyozi," akasema. "Hapa tunaandika ile inayoamka kwanza mashine ikiwashwa. Mtu haioni, hajui kama ipo, na ikikosea anamlaumu mwingine."

Kwa wiki tatu hakuniruhusu kugusa kompyuta. Alinipa rundo la karatasi zilizochapwa programu yake ya zamani, akaniamuru niisome kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, kama mtoto wa mafundisho ya komunyo. Nikijaribu kupita haraka mahali nisipopaelewa, aligonga meza kwa bisibisi. Mstari huu unafanya nini? Unahifadhi namba. Wapi? Kwenye kumbukumbu ya mashine. Sehemu gani, na hapo kabla yako alikaa nani? Nilimchukia kwa dhati. Wiki ya nne aliponiachia kompyuta, nikaandika programu yangu ya kwanza, nikaomba kwenye kumbukumbu nafasi ya vipimo kumi, na kwa uzembe nikaandika vipimo kumi na kimoja. Hicho cha kumi na moja kikaenda kukalia nafasi ya kitu kingine kabisa, na mashine ikawa inakufa kila baada ya saa kadhaa bila sababu niliyoiona. Nilihangaika siku tatu. Yeye alikaa pembeni na sahani yake ya kiburu, akila ndizi na maharage kwa utulivu wa mtu aliyeona jibu tangu siku ya kwanza. Nilipolipata hakunipongeza, ila alinisogezea nusu ya kiburu iliyobaki, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sherehe.

Alikuwa na sharti moja lililonichosha kuliko yote. Mtu akija kulalamika kuhusu mashine, kabla ya kufungua chochote ilinibidi niandike daftarini maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Mwenye pampu akisema, "Inakohoa halafu inanuna," naandika inakohoa halafu inanuna. Niliona ni uzee. Mimi nilikuwa msomi, bwana, sikuja Kiboriloni kuandika kwamba pampu imenuna.

Katikati ya mwaka ikaja kazi ya Machame. Chama kidogo cha wafuga ng'ombe wa maziwa kilikuwa na tangi la kupozea, na kisanduku cha kuliendesha kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Kipya cha kiwandani hakikupatikana. Mwenyekiti wao, Mama Aikande, mwanamke mrefu aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, alishuka mwenyewe hadi Kiboriloni kumwomba Mwalimu atengeneze kingine. Mwalimu akatengeneza kisanduku na nyaya. Programu akaniachia mimi. Kichwa kikanivimba wiki nzima.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana mambo yote yaliyofuata yamo humo. Tangi lilikuwa na mfuniko, kikorogeo cha kuzungusha maziwa yasipoe upande mmoja, na mota ya kupoza. Mfuniko ukifunguliwa, kila kitu husimama ili mtu asikatwe mkono. Ukifungwa, mashine husubiri dakika tano, maana mota ile ikiwashwa na kuzimwa ovyo huungua, kisha hupima joto na kuanza kupoza. Niliandika programu yenye sehemu mbili. Moja ilizunguka muda wote: inapima joto, inahesabu dakika, inaamua. Nyingine ililala, na ikaamka tu mfuniko ulipofunguliwa au kufungwa, ikaikatiza ile ya kwanza popote ilipofika, ikaandika hali ya mfuniko, ikalala tena. Nilijaribu karakanani kwa sufuria la maji na mfuniko wake, nikifungua na kufunga hadi mama wa mtori akaniuliza kama nimerogwa. Haikukosea hata mara moja.

Msimamizi wa tangi alikuwa Mzee Eliakimu. Alikuwa na miaka kama sitini, mwembamba, mikono imejaa mishipa, na aliosha ndoo kwa bidii ya mtu anayejua anatazamwa. Kila mtu Machame alijua kwa nini. Zamani alikuwa mlevi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wa kuokotwa njiani, kisha akaacha, akaungama mbele ya usharika, na miaka mingi ikapita bila yeye kugusa kibuyu. Chama kilipompa funguo za chumba cha tangi, mkewe, Mama Ndeshi, alikuja kuwashukuru akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Siku tuliyofunga kisanduku mzee alinipikia kahawa ya shamba lake, nyeusi, chungu, akanikalisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akataka nimweleze mashine inavyofikiri. Nilimweleza kwa majivuno na maneno magumu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo nikifunga, nisubiri dakika tano." Ndivyo. Alikuwa ameielewa kuliko nilivyoieleza.

Jumapili kule zilikuwa na taratibu zake. Siku za kazi watu walileta maziwa asubuhi wakipishana, mmoja huyu, mwingine baada ya nusu saa, na mzee alishinda palepale. Jumapili kila mtu alitaka kuwahi kanisani. Walikuja wote kwa mkupuo, wameshavaa nguo za ibada, ndoo mkononi na Biblia kwapani, na mfuniko ulifunguka na kufungwa hadi kengele ya pili ilipolia. Hapo mzee alifunga mara ya mwisho, akafunga mlango, akaingia ibadani kama wengine, na chama chenyewe kilikuwa kimekubali hivyo. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa, kuku, mayai, mikungu ya ndizi, na hakuna aliyerudi kwenye tangi hadi adhuhuri, gari la kukusanya maziwa lilipokaribia kufika.

Jumapili ya kwanza mambo yalipoharibika, maziwa yote yalikuwa yameanza kuchacha na dereva akayakataa. Watu wakasema ni umeme. Jumapili ya pili, baada ya wiki chache, ilitokea tena, na umeme ulikuwepo, kanisani spika zilikuwa zimelia ibada nzima. Gari lilipofika, tangi lilikuwa linanguruma vizuri kabisa, maziwa ya vuguvugu ndani yake, na mzee amesimama kando. Alisema alirudi akakuta kimya. Alisema alifungua mfuniko akachungulia, akafunga, na baada ya muda ikawaka yenyewe. Nani angeamini? Mashine haiwaki yenyewe. Kilichoonekana ni kwamba mtu aliizima, au alisahau kuiwasha, akaja kuiwasha aliposikia gari.

Waliitisha kikao Jumatano, wakatuita mimi na Mwalimu. Mwalimu alikuwa na homa, nikaenda peke yangu. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha tangi penyewe, watu wameketi juu ya ndoo zilizogeuzwa, na nje ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Nilipokuwa nikingoja mlangoni niliwasikia akina mama wawili wakisema kwa Kimachame, ambacho mimi wa Kilema nakipata nusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Jumamosi kulikuwa na harusi. Mbege ilikuwepo. Mtu akishakuwa mlevi, ni mlevi tu. Nikaingia. Mama Aikande alinitazama juu ya miwani.

"Binti, wewe ndiye uliyeandika mambo ya mashine hii. Ina kosa?"

Ningeweza kusema sijui. Mwalimu alinifundisha wiki tatu nzima kusema sijui. Lakini watu wazima arobaini walikuwa wananitazama, na nilikuwa na miaka ishirini, na kusema sijui mbele yao niliona ni kuvua nguo.

"Haina kosa," nikasema. "Nimeijaribu sana. Mashine inafanya inachoambiwa."

"Inaweza kujizima na kujiwasha?"

"Haiwezi."

Mzee Eliakimu alikuwa amekaa karibu na mlango na kofia yake gotini. Hakunijibu mimi, alimjibu mwenyekiti. "Mimi sikunywa," akasema. "Kule harusini nilikunywa soda, na aliyenipa yupo hapa." Aliyempa hakusema neno. Mama Aikande akanyoosha mkono, mzee akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja chake. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani. Nilishuka hadi Moshi nikijiambia kwamba nimesema kweli. Hadi leo nikisikia fundi kijana anasema kwa uhakika kwamba kosa liko kwa mtumiaji, namwangalia midomo yake na sitaki kumsikia.

Mwalimu alipopona aliniuliza mzee alisema nini. Nikamwambia kwamba alijitetea tu. "Sikuulizi alikuwa anafanya nini," akasema. "Alisema nini?" Nikafungua daftari, kwa sababu hata kwa shingo upande nilikuwa nimeandika. Nikasoma: nilirudi nikakuta kimya, nikafungua mfuniko nikachungulia, nikafunga, baada ya muda ikawaka yenyewe. Mwalimu akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Baada ya muda gani?"

"Hakusema."

"Ingekuwa mtu anaiwasha kwa swichi, ingewaka palepale?"

Kwa swichi ingewaka palepale. Ikiwaka baada ya muda, ni kwamba ilihesabu zile dakika tano, na ili ihesabu lazima iwe ilikuwa hai wakati wote, inasubiri mfuniko ufungwe, mfuniko ambao ulikuwa umefungwa tangu kengele ya pili.

Mwalimu alisafisha meza, na hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, kwa muda wa saa moja tu asubuhi ile, wauza mitumba wakiita wateja dirishani. Aliweka karatasi moja katikati ya meza akaandika kwa penseli: mfuniko wazi, kikorogeo kimesimama. Hiyo, akasema, ndiyo nafasi moja ya kumbukumbu ambamo mimi niliweka alama zote pamoja, kwa kubana nafasi na kujiona hodari. Yeye akawa sehemu ya kwanza ya programu, mimi nikawa mfuniko. Tulisoma mstari kwa mstari, na mimi niliruhusiwa kumkatiza popote kwa kugonga meza. Nikagonga mwanzoni, hakuna tatizo. Nikagonga mwishoni, hakuna tatizo. Kisha akafika mahali ambapo programu yangu inanakili ile karatasi ili kuibadilisha. Akanakili kwenye karatasi yake. Halafu inauliza kipimajoto, na kipimajoto chetu kilikuwa kivivu, kilichukua karibu sekunde nzima kujibu. Mwalimu akanyanyua kichwa, akaangalia dari, akingoja. "Gonga," akasema. Nikagonga. Nikafuta kwenye karatasi ya katikati neno wazi, nikaandika umefungwa, nikarudisha mkono. Mwalimu akashusha macho, akarekebisha alama moja kwenye nakala yake ya zamani, akaichukua na kuilaza juu ya karatasi yangu. Tukaisoma wote wawili. Mfuniko wazi.

Siku za kazi kosa hilo lilitokea pia, bila shaka, lakini alikuja mchelewaji na ndoo yake, akafungua, akafunga, hali ikaandikwa upya na hakuna aliyejua. Jumapili hapakuwa na mchelewaji. Kengele ilipolia wote waliondoka, na tangi likabaki linangoja mfuniko uliokwisha fungwa. Kosa langu lilihitaji watu wanaowahi kanisani ili lionekane, na mimi nilikuwa nimelijaribu kwa sufuria.

Kulirekebisha ilikuwa mistari mitatu. Kwanza unazuia kukatizwa, unabadilisha alama moja bila kunakili zote, kisha unaruhusu tena, na kipimajoto unakiuliza kabla ya hayo yote. Jumanne nikapanda Machame na chipu yenye programu iliyorekebishwa mfukoni. Alikuwepo msimamizi mpya, binamu wa mtu fulani, aliyeazimwa funguo na mwenyekiti kila siku, akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja kusafisha kisanduku, kuna vumbi. Nikabadilisha chipu kwa dakika kumi na kuondoka. Njiani nilijisikia mwepesi. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua, kwa sababu kosa lisingetokea tena na lisingeacha alama. Nilijiambia kwamba jina la Mwalimu lingechafuka, kwamba wafugaji wangepoteza imani na mashine, kwamba mzee alikuwa mtu mzima na angepata kazi nyingine. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa safi.

Mwalimu aliniuliza jioni hiyo kama nimewaambia. Nikasema bado. Kesho yake akauliza tena. Wiki nzima aliuliza, kila asubuhi, kwa sauti ileile, na akaacha kunipa kazi. Nilikaa mbele ya ile meza ya mlango bila la kufanya, nikisikiliza soko. Siku ya nane akasema, "Vero, mbele ya watu ulisema haina kosa. Sasa hilo kosa ulilolitoa lilitoka wapi?" Nikasema ningewaambia lini, kwa njia gani, na kama ningeharibu jina lake je? Akasema jina lake alilileta mwenyewe duniani na angejua pa kulipeleka. Kisha akageukia kazi yake. Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa Alhamisi, nikapanda Machame.

Kabla ya kufika kwa Mzee Eliakimu nilichuma jani la sale kwenye mpaka wa shamba lake. Kwetu Uchaggani jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na anayepelekewa hawezi kukataa, hata kama umemwua ng'ombe wake. Nilikuwa nimelifikiria tangu Kiboriloni. Nakiri nililifikiria kama njia ya mkato. Mama Ndeshi alikuwa anakata majani ya ng'ombe mbele ya nyumba. Nilimwamkia, akaitika bila kuacha kukata. Akaliona jani mkononi mwangu, akanionyesha nyumba kwa kidevu. "Umechelewa," akasema.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani, mlango wazi, kata ya mbege mbele yake, na macho yake yalikuwa mekundu na maji maji. Chumba kilinuka ulezi uliochacha. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikamweleza kila kitu, mfuniko, ile sekunde moja, karatasi juu ya karatasi. Safari hii sikutumia neno gumu hata moja. Aliniuliza maswali mawili, yote ya maana, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Alipomaliza kuuliza, nje panga la mkewe lilikuwa bado linakata majani.

"Kwa hiyo nilisema kweli."

"Ulisema kweli, mzee. Mimi ndiye ambaye sikusema kweli."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulipokea. Aliweka mikono yake chini ya makwapa kama mtu anayesikia baridi.

"Hilo kaa nalo," akasema. "Nikilishika itabidi nikusamehe, na mimi sijataka bado." Akaitazama ile kata. "Nenda kawaambie. Jumapili, watu wote wakiwepo. Na uwaambie leo umenikuta nimelewa."

"Hilo la nini, mzee?"

"Kwa sababu ukilificha watasikia kwa wengine, na wakisikia watasema hata la kwanza ulilitunga kunisaidia. Jumapili ile sikunywa. Leo nimekunywa. Ya leo ni yangu. Ya Jumapili ile ni yako."

Jumapili nilisimama nje ya kanisa, mnada ulipokuwa umefika kwenye mayai, na Mama Aikande akanipa nafasi. Nilikuwa na lile jani ndani ya mfuko wa nguo, sikujua nilipeleke wapi. Nikasema mashine ilikuwa na kosa, na kosa nililiandika mimi. Nikasema liko vipi. Nikasema wiki mbili hizi nililijua na nilinyamaza, na kwamba nilikuja kulirekebisha kwa siri nikadanganya kuwa nasafisha vumbi. Kisha nikasema Alhamisi nilimkuta Mzee Eliakimu amelewa. Watu wakaguna. Mama Aikande akavua miwani.

"Hilo la mwisho nani amekutuma uliseme?"

"Mwenyewe."

Mwanamume mmoja wa makamo, nadhani ndiye yule wa soda, alikuwa anaangalia viatu vyake. Halafu nikaona watu wa nyuma wanapisha. Mzee Eliakimu alikuwa amesimama kando ya ukuta wa kanisa muda wote, amevaa koti lake la ibada, kofia mkononi, amenyoa, na uso wake una rangi ya majivu ya mtu aliyelala vibaya siku tatu bila kinywaji. Mkewe alikuwa ubavuni mwake. Akaja hadi mbele ya mwenyekiti. "Amesema yote," akasema. "Sasa naomba funguo, watu wa maziwa ya jioni watakuja." Mama Aikande akafungua mkoba, akapekua, akazitoa na ile kamba yake ya katani, akampa kwa mikono miwili mbele ya usharika mzima.

Aligeuka kwenda kwenye tangi na njia yake ilipita mbele yangu. Nikatoa jani mfukoni, sijui kwa nini, mkono ulienda wenyewe. Lilikuwa limekunjika, ncha zimekuwa za kahawia. Akasimama, akalitazama, kisha akanitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao.

"Hilo limenyauka," akasema. "Jumapili ijayo niletee bichi."